Usiku wa Doha: jua lilizama, bahari ikabaki

Septemba ikifika ukingoni, Waafrika Mashariki wanaoishi Al Wukair, kusini mwa Doha, huanza kuambiana kwamba joto limekwisha. Kipimajoto kinawaunga mkono: nyuzi 45 za Julai zimeshuka, na wenyeji wa Ghuba wamekwisha kuiona nyota ya Suhail, ambayo kwao ni dalili kwamba kiangazi kinaaga. Viatu vya kutembelea vinatolewa uvunguni. Kabla hujafunga kamba, zichambue upya mbio mbili zilizokimbiwa Doha mwaka 2019, kwa sababu zilipima hewa ya majira haya kwa miili ya watu waliojiandaa kuliko mimi na wewe.

Za kwanza ni marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, tarehe 27 Septemba. Waandaaji walipanga zianze saa tano na dakika 59 usiku kwenye Corniche, barabara ya ufukweni, wakimbiaji wakirudia mzunguko wa kilomita 7. Hoja ilikuwa kulikwepa jua. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza. Waethiopia wote watatu waliishia njiani. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, na hakuna bingwa wa dunia wa marathoni ya wanawake aliyewahi kushinda kwa muda mrefu kiasi hicho. Januari ya mwaka uleule alikuwa amekimbia Dubai kwa 2:17:08.

Jua halikuwepo. Nini basi kiliwaangusha?

Mbio zilipoanza, joto lilikuwa karibu nyuzi 33 na unyevu wa hewa ulizidi asilimia 70. Mwili wa binadamu una njia moja tu kubwa ya kujipoza katika hali kama hiyo, nayo ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Ikidondoka kwenye lami haiondoki na kitu, umepoteza maji bure. Hewa iliyokwisha kushiba mvuke haina nafasi ya kupokea mwingine, kwa hiyo jasho linatiririka tu, na joto la ndani linapanda.

Hapo ndipo kwenye kasoro ya mpango wa usiku. Maji ya Ghuba ni ya kina kifupi; yamechemka tangu Mei, na mwishoni mwa Septemba bado yana joto la nyuzi zaidi ya 30. Upepo ukitoka baharini unakuja na mvuke wake. Usiku hewa inapoa kidogo, na hewa inayopoa uwezo wake wa kubeba mvuke unapungua, hivyo asilimia ya unyevu inapanda. Waandaaji waliondoa adui wa mchana wakamwachia mlango adui wa usiku. Siwalaumu kwa kukataa mchana, maana mchana ungekuwa hatari zaidi. Ila kulitangaza giza kuwa dawa kulikuwa kujipa moyo.

Wataalamu hupima hali hii kwa kipimo kinachochanganya mambo matatu: kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, ambacho kina uzito wa asilimia 70, kingine ndani ya tufe jeusi linalonasa mionzi ya jua, asilimia 20, na cha kawaida kivulini, asilimia 10. Ona mgawanyo huo. Namba tunayoitazama kwenye simu ina sehemu moja tu kati ya kumi. Kwa hesabu yangu, usiku ule wa wanawake kipimo hicho kilikuwa karibu nyuzi 30.

Siku 8 baadaye, tarehe 5 Oktoba, wanaume walikimbia barabara ileile, saa ileile. Joto lilikuwa karibu nyuzi 29 na unyevu karibu asilimia 50. Kwa kipimajoto cha kawaida, tofauti na usiku wa wanawake ni nyuzi 4 hivi. Kwa kipimo mchanganyiko, nimepata karibu nyuzi 6. Kati ya wanaume 73, 18 walijitoa, na Lelisa Desisa wa Ethiopia akashinda kwa 2:10:40, muda ambao ungeheshimika hata katika mji wenye baridi.

Turudi kwa Chepngetich, maana namna alivyoshinda ina maarifa. Dubai alitumia wastani wa dakika 3 na sekunde 15 kwa kilomita. Doha, dakika 3 na sekunde 37. Joto ambalo misuli inazalisha linafuata kasi karibu sawa kwa sawa, kwa hiyo kupunguza kasi kwa moja ya kumi ni kupunguza moto kwa kiasi hichohicho. Alikaa na kundi la mbele, akawaacha wenzake mwishoni, barabara ilipokuwa imebaki fupi. Rose Chelimo wa Bahrain na Helalia Johannes wa Namibia, waliomfuata, nao walimaliza zaidi ya dakika 10 nyuma ya muda wao bora. (Mwaka 2025 Chepngetich alifungiwa miaka 3 kwa dawa iliyokatazwa, ushindi wa Doha haukufutwa.)

Mtu aliyekulia Iten au Marangu ana silika ya kupotosha hapa. Mlimani hofu ni baridi: ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi 6 hivi, na shati lililolowa likipigwa na upepo linakunyang'anya joto haraka. Qatar, hewa ikijaa unyevu, shati lililolowa halikupozi, na pa kupanda hapapo. Qurayn Abu al Bawl, sehemu ya juu kuliko zote nchini, ina mita 103. Ukifika kileleni umepata nafuu isiyofika hata nyuzi moja.

Kwa hiyo anayetoka Al Wukair kutembea Ijumaa usiku asitazame nyuzi za joto peke yake. Atafute kwenye utabiri kiwango cha joto ambacho hewa ikishuka hadi hapo umande huanza kutunga; kikiwa juu, mvuke hewani ni mwingi. Usiku wa wanawake kilikuwa kama 27, wa wanaume kama 17. Kikizidi 24, fupisha njia na punguza mwendo tangu hatua ya kwanza, usisubiri kuchoka. Upepo mkavu wa kaskazini-magharibi ukivuma, toka bila wasiwasi.

Na kwa wanaofanya kazi nje: katazo la kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri huisha tarehe 15 Septemba. Lakini uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021 una kifungu kingine kisicho na tarehe. Kipimo mchanganyiko kikizidi nyuzi 32.1 mahali pa kazi, kazi isimame, saa yoyote, mwezi wowote. Msimamizi akikwambia kiangazi kimekwisha, mwombe akuonyeshe kipimo.