Mwanafunzi wa Ndege Mbuai

Si aghalabu tumkumbuke mwanafunzi wa elimu ya viumbe ambaye, katika vituo vya ndege mbuai vya Bonde la Ufa nchini Kenya, huamka kabla ya alfajiri kuwahudumia tai na bundi waliojeruhiwa. Aliyekuja na ilimu ya vitabuni tu hufunzwa kwanza hadhari: kwamba silaha kuu ya tai si mdomo bali kucha, hivyo miguu ndiyo ishikwayo mwanzo, kisha kichwa kikafunikwa kitambaa, maana ndege asiyeona hutulia. Hata gogo la kutulia huvikwa zulia, usije unyayo wa ndege ukaota jipu la kumwua.

Jioni huketi na matonge makavu yaliyocheuliwa na bundi, akayachambua kwa kikoleo, nywele huku, mifupa huku, akihesabu mafuvu ya panya moja moja. Na katika hesabu hiyo isiyo na shangwe ndimo ionekanamo hifadhi ya ghala la mkulima.

Yaliyo mazito zaidi huyakuta malishoni, pale mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba atiapo sumu mzogani, wakafa tumbusi waliokuja kusafisha. Hapo hujifunza kumsikiliza mwenye hasara kabla ya kumlaumu.

Na siku ndege aponapo, mwanafunzi huyo, mwenye makovu mikononi, humwachia, naye huruka pasi na kugeuka nyuma. Shukrani asiyoitoa tai imebaki dhimani mwetu.