Ratili ya Nyama Mbele ya Marabi: Kumsoma Upya Shylock

Katika makala haya tunakusudia kuhoji namna Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, inavyosomwa katika madarasa yetu. Juu ya jina la tafsiri hiyo wahakiki wamekwisha kusema mengi. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare, yaani Antonio, amegeuzwa kuwa mabepari wengi, na Shylock akatiwa kundini. Uamuzi huo una heri yake, kwani lawama haimwangukii mtu kwa kabila lake. Una hasara pia: Uyahudi wa Shylock hubaki bila kuelezwa. Wanafunzi humwita "banki Lambert", jina tunaloupa mkopo wa riba kubwa hapa Kongo, na somo huishia hapo.

Hoja yetu ni kwamba mchezo huu hauhakikiwi sawasawa pasipo kufungua, sambamba nao, maandishi ya Wayahudi wenyewe. Shakespeare aliuandika mwishoni mwa karne ya 16, ilhali Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290. Shylock basi ni Myahudi wa kusimuliwa. Anakataa malipo mara tatu ya dukati zake 3000, anadai ratili ya nyama ya mdeni wake, kisha Portia anamhubiria rehema kana kwamba sheria ya Kiyahudi haina neno jingine ila kisu.

Tuitazame sheria hiyo. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 B.K., katika sura ya nane ya Bava Kamma, inampasa aliyemjeruhi mwenzake alipie mambo matano: upungufu wa mwili, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Jicho kwa jicho limekuwa fidia. Zaidi ya hayo, mtu akisema, nikate mkono wala hutadaiwa, mkataji bado atadaiwa. Kwa hiyo hati ya Antonio isingemkinga Shylock mbele ya marabi, wala Portia asingehitaji hila yake ya tone la damu.

Msomaji wa kwetu Luvungi hatapata taabu kuielewa sura hiyo. Ng'ombe wakiingia katika shamba la muhogo, wazee huketi kupima hasara. Na mara nyingi ni aibu, si muhogo, inayorefusha kikao.

Lakini je, kila dhara lina bei? Hapo ndipo anapotufaa Emmanuel Levinas, mzaliwa wa Lithuania (1906–1995), aliyesoma kwa Husserl na Heidegger huko Freiburg, akapata kusema kwamba wakati mwingine huona falsafa yote kuwa tafakuri juu ya Shakespeare, na bado akaifasiri Talmudi. Katika Difficile liberté (1963) anakubali fidia, kisha anaonya kwamba tajiri angeweza kuvunja meno ya watu na kulipa bila kuumia. Ndiyo maana, kwake, maneno makali ya Torati hayakufutwa. Katika uwanda huu huu wa Ruzizi, huko Mutarule, watu wasiopungua 30 waliuawa usiku wa tarehe 6 Juni 2014. Vijana wanaotoka kwenye vijiji hivyo huja darasani na swali la Levinas tayari, nasi tunawapa Shylock wa riba tu.

Sura hiyo ya Mishna ni fupi. Tunapendekeza isomwe kabla ya tendo la nne, na kabla mwalimu hajalitamka neno bepari.