Jaji Ramadhani na mlango wa mgombea binafsi

Mkazi wa Rulenge anayeutaka ubunge wa Jimbo la Ngara lazima kwanza apitie chama. Sharti hilo lilifika mezani kwa Augustino Ramadhani, mwanasheria aliyehitimu mwaka 1970, akaingia JWTZ na kustaafu akiwa Brigedia Jenerali. Mwaka 1980 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, 1989 akapanda Mahakama ya Rufani, na 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Mchungaji Christopher Mtikila, aliyelipinga sharti hilo, alishinda katika Mahakama Kuu mara mbili, 1994 na 2006. Baada ya ushindi wa kwanza Bunge liligusa Katiba yenyewe ili kulilinda sharti la chama lililomo katika ibara za 39 na 67. Hapo ndipo kesi ilipogeuka ngumu. Sheria ya kawaida hupimwa kwa Katiba. Ibara ya Katiba ipimwe kwa nini?

Tarehe 17 Juni 2010, jopo la majaji 7 wa Mahakama ya Rufani likiongozwa na Ramadhani lilijibu kwamba Mahakama haina mamlaka ya kuifuta ibara ya Katiba. Suala ni la kisiasa, likasema, na mwenye kulitatua ni Bunge. Lakini halikuishia hapo. Lilimshauri Mwanasheria Mkuu na Bunge watafakari Maoni ya Jumla Na. 25 ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, yanayokataa mgombea kulazimishwa kuwa mwanachama wa chama bila sababu ya msingi.

Wapo walioona woga. Mimi naona nidhamu ya mtu anayejua amri yake inakomea wapi, ingawa nidhamu hiyo ilimwacha Mtikila mikono mitupu, na hilo linauma.

Mtikila akaenda Arusha. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Tanzania imevunja haki zake. Ramadhani alikuwa jaji huko, ila Itifaki inamzuia jaji kusikiliza kesi ya nchi yake.

Jibu la Ramadhani lilikuja kupitia kiti kingine. Akiwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, alishiriki kuandaa Rasimu iliyomruhusu mgombea binafsi. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 nayo ikamkubali. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa. Ramadhani alifariki Aprili 2020, na kura hiyo ilikuwa bado haijapigwa.