Njoro, ambako ngano hupewa ugonjwa kwa makusudi

Mwaka 1998, nchini Uganda, ngano yenye jeni Sr31 ilikutwa na kutu ya shina. Jeni hiyo, iliyotolewa kwenye nafaka ya rai, ilikuwa imelinda mashamba ya nchi nyingi kwa miaka mingi. Kuvu iliyoishinda ikaitwa Ug99, na tangu 2005 mbegu kutoka pande zote za dunia hupelekwa Njoro, Kenya, zikapimwe nayo.

Upimaji wenyewe hauna huruma. Kando ya vipande vya majaribio hupandwa safu za ngano dhaifu, na mashina yake huchomwa sindano yenye spora za kutu. Zikishaugua, upepo humalizia kazi. Baadaye mtafiti hupita na daftari akiandika, kwa mfano, 20MR: asilimia 20 ya shina imeshikwa, lakini vipele ni vidogo, havijapasuka sana.

Mkulima angechagua mmea usio na doa hata moja. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, na wenzao wa Njoro waliuonea shaka mmea wa namna hiyo, na nadhani walikuwa sahihi. Usafi kamili mara nyingi ni kazi ya jeni moja kubwa, na kuvu ikibadilika kidogo tu, kinga yote huanguka. Ndivyo Sr24 ilivyoshindwa Kenya 2006, na Sr36 mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wakageukia jeni ndogo zinazoichelewesha kutu bila kuizuia kabisa. Maarufu kati yake ni Sr2, ambayo mtafiti McFadden aliihamisha kutoka ngano ya kale ya ema huko South Dakota katika miaka ya 1920. Ina usumbufu wake: mche mchanga huonekana hauna kinga yoyote, hivyo anayepima miche peke yake huitupa. Peke yake haitoshi pia. Zikikusanywa jeni nne au tano za aina hii, ngano hukaribia kutoshikwa. Ili kuzikusanya haraka, vizazi vya mbegu vilipokezanwa kati ya Mexico na Njoro, ambako ngano hupandwa misimu miwili kwa mwaka.

Hatari ya njia ya mkato, yaani kutegemea jeni moja, ilionekana Ethiopia. Aina ya ngano iitwayo Digalu, iliyotegemea jeni SrTmp, iliteketea 2013, tena kwa kutu ambayo si ya ukoo wa Ug99. Kamati zinazoidhinisha mbegu ziulize kwanza, kabla ya hesabu ya magunia: kinga hii imebebwa na jeni ngapi?