Kiatu Kimoja Kimelika

Wenzangu waandishi, ngoja niseme, mkinichukia poa. Katika hadithi zetu nyingi, msela akiingia lazima avae raba mtoni. Tunataja jina la kampuni na rangi, basi, msichana kashalegea. Soli imelika wapi? Hakuna anayesema. Na mimi nimo: sura ya tatu ya riwaya yangu, kijana anashuka kwenye treni Kilosa na Vans nyeusi, mpya. Mpya, na vumbi lile!

Nilipoijua historia ya raba hizo niliona aibu. Paul Van Doren na wenzake walifungua Vans huko Anaheim, California, mwaka 1966. Vilikuwa viatu vya turubai tu, soli nene ya mpira. Vijana wanaoteleza na mbao za magurudumu wakagundua soli ile inanata kwenye ubao. Mwaka 1976 ikatoka raba iliyotiwa sponji kwenye ukingo wa kifundo, Tony Alva na Stacy Peralta, wateleza ubao wenyewe, wakiwa wamechangia mawazo. Lakini kilichonimaliza ni hiki: mguu mmoja hufanya kazi kuliko mwenzake, kwa hiyo kiatu kimoja kiliisha mapema, na Vans wakakubali kuuza kimoja kimoja. Jamani, hapo pana hadithi nzima!

Na kwetu ipo. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, matairi ya malori hayakosekani, katambuga hukatwa humo. Utotoni tulishuka mteremko na vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi, breki ni kisigino. Katambuga yangu ya kulia ililika mpaka nyuzi za tairi zikatoka. Mama akauliza, "We mtoto, unatembelea mguu mmoja?" Hilo sijaliandika popote. Nimeandika Vans ambazo sijawahi hata kuzigusa.

Mshkaji wangu kabisha: msomaji wa mjini anataka ndoto, hataki matairi. Ana haki kidogo. Katambuga ya kuonyesha umaskini tu nayo ni pozi. Na Kitintale, Kampala, ambako vijana walianza kujijengea uwanja wa kuteleza mwaka 2006, raba hizo zina kazi. Shujaa wangu ubao wenyewe hajauona.

Nimempandisha treni upya. Safari hii anashuka na raba za mtumba, ya kushoto imelika kisigino. Kwa nini ya kushoto, bado namchunguza.