Sikio la Fundi wa Miguu

Gari husema ukweli wake likipanda tuta polepole. Kwenye lami iliyonyooka, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo na matairi hufunika kila kitu. Lakini dereva akifika mbele ya tuta la mtaani, akazima redio, akashusha vioo na kuliachia gari lipande taratibu, kilichojificha hutoka. Nyiiik. Kimya. Kisha nyiiik nyingine, mguu wa nyuma nao unapokunja.

Nataka kumsifu mtu anayeusikia mlio huo na kujua pa kuanzia. Fundi wa injini ana sifa zake tayari, na fundi umeme ana mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ambayo watu huitazama kwa heshima. Mashine hiyo haina la kusema kuhusu bushi inayolia, kile kipande cha mpira kwenye maungio ya mguu wa gari. Hakuna waya unaofika kwenye bushi, wala hakuna taa ya dashibodi inayowaka kwa ajili yake. Fundi wa miguu, yule anayelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa huku mafuta yakimdondokea shingoni, hufanya kazi kwa sikio, kiganja na subira, na mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo mtupu, bila pazia.

Mlio wa namna hii huzaliwa vitu viwili vinapogusana na kukataa kuteleza. Mpira unakishika chuma. Amu, mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, inazidi kuvuta. Mpira unaachia ghafla, unaruka kidogo, unanata tena. Jambo hilo likijirudia mamia ya mara kwa sekunde, sikio husikia sauti moja ndefu. Fidla ya taarab huimba kwa njia hiyo hiyo: upinde uliopakwa ulimbo unaushika uzi, unauvuta, unauachia, unaushika tena. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa Kifaransa wa karne ya 18, alipochunguza msuguano aliona kwamba baadhi ya vitu hushikana zaidi kadiri vinavyokaa muda mrefu bila kusogezwa. Gari lililolala usiku kucha limezipa bushi zake muda wa kushikana na chuma. Kwa hiyo fundi mzuri, kabla hata ya kuinama, huuliza: “Bosi, inalia asubuhi tu ikitoka nyumbani, au siku nzima?”

Hilo ni swali la kwanza tu. Mvua ikinyesha, inanyamaza au inaanza? Ikipanda tuta, inalia wakati wa kupanda au wa kushuka? Ukikata kona ukiwa umesimama? Ukipakia watu nyuma? Nimewaona wateja wakikasirika kwa maswali haya, wakidhani fundi anapoteza muda au hajui kazi. Ni kinyume kabisa. Kila jibu linafuta nusu ya gari. Mlio unaokuja usukani ukikatwa hali gari limesimama hauna haja ya kutafutwa nyuma. Mlio unaonyamaza mvua ikinyesha uko mahali maji yanapofika, kwa hiyo beringi iliyofunikwa juu ya shokapu inaweza kusubiri. Na mteja akiigiza sauti kwa mdomo wake, fundi hapaswi kucheka: “ko-ko-ko” ni kitu kilicholegea, “nyiii” ni kitu kikavu, na “ngwang!” moja nzito ni springi iliyobanwa halafu ikajifungua.

Hiyo ngwang tuitazame. Magari mengi madogo ya mitaani kwetu, IST, Vitz na ndugu zao, yana mguu wa mbele wa aina aliyoibuni Mmarekani Earle MacPherson, ambayo Ford waliiweka kwenye gari la Consul mwaka 1950. Shokapu na springi vimo kwenye nguzo moja, na juu kabisa ipo maunti yenye beringi. Usukani ukikatwa, nguzo nzima huzunguka pamoja na springi yake. Beringi ikigoma, springi hainyamazi: inajisokota, inavumilia, kisha inaruka yote kwa pamoja. Fundi hufungua boneti, anaweka kiganja taratibu juu ya springi, anamwambia kijana wake akate usukani huku na huku. Mkono husikia mruko kabla ya sikio. Mara nyingi maunti ni mpya kabisa, imefungwa wiki iliyopita, na mwenye gari anaapa kwamba ni feki. Inaweza kuwa feki. Inaweza pia kuwa ncha ya springi haikukaa kwenye kituo chake katika kikalio, au raba ya kikalio ilitupwa kwa sababu “imezeeka,” na chuma sasa kinasaga chuma.

Hapo tumefika kwenye spea, na hapo ndipo lawama nyingi hupotea njia. Shaurimoyo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaulizwa unataka ipi: orijino, kopi, au mtumba wa Japani. Tofauti za ubora ni za kweli, na mpira mbovu hupasuka upesi. Lakini mlio hauzaliwi na ubora peke yake. Bushi ya kawaida ya amu ni bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na mpira katikati uliogandishwa kwa joto ukashikana na yote mawili. Ndani ya bushi hiyo hakuna kinachoteleza. Amu ikipanda na kushuka, mpira husokotwa na kurudi. Ikiwa nzima, haina sababu ya kulia, na kuipaka mafuta ni kuiharibu bure.

Bushi za poliurethani, zile ngumu za rangi nyekundu, bluu au njano, ni kabila jingine. Watu huzinunua kwa sababu barabara zetu hula mpira, na uamuzi huo una mantiki. Ila bushi hiyo kwa kawaida haikugandishwa kwenye chuma. Huja kwa vipande, na bomba la katikati huzunguka ndani yake. Imeundwa iteleze, na kitu kinachoteleza kinataka grisi. Siyo grisi yoyote iliyomo kwenye kopo la gereji: inatakiwa grisi nzito ya silikoni, isiyooshwa na maji kirahisi na isiyodhuru mpira uliopo jirani. Ukisoma ndani ya pakiti utakuta watengenezaji wengi wameitia hiyo grisi kwenye kijifuko, na utakuta kijifuko hicho hicho sakafuni mwa gereji, hakijafunguliwa. Miezi michache baadaye, baada ya masika kuosha kilichokuwepo, gari linalia kila tuta, na mwenye gari anarudi dukani kugombana. Spea haina hatia. Ilifungwa kavu, labda juu ya bomba lenye kutu ambalo lilipaswa kusuguliwa kwa msasa hadi ling'ae.

Bushi za stabilaiza, ile fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, nazo zina hila zake. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na fimbo nene au nyembamba kulingana na injini au daraja lake. Muuzaji akikupa bushi yenye tundu kubwa kwa milimita moja tu, fimbo itacheza na kugonga. Tundu likiwa dogo kwa milimita moja, bushi itabana na kulia. Fundi anayepima fimbo kwa venia kabla ya kumtuma mtu dukani amemwokolea mteja safari na fedha, na hakuna atakayeona alichofanya.

Katika zana zote za kazi hii, ninayoipenda zaidi ni chupa ya maji yenye kinyunyizio. Gari linapandishwa kwenye shimo au kwenye mbao, magurudumu yakiwa yamekanyaga, vijana wawili wanalitikisa kwa bampa hadi lilie. Fundi ananyunyiza bushi moja, anawaambia watikise. Bado. Anahamia inayofuata. Bado. Ya tatu inanyamaza. Maji yatakauka na mlio utarudi, na huko kurudi ndiko ushahidi: sasa hakuna ubishi kuhusu mahali. Mafuta ya injini hayatoi ushahidi huo. Yakinyunyizwa kote, mlio hufa siku mbili, hujui ulikuwa wapi, mpira unaanza kuvimba na kulainika, na vumbi linapata mahali pa kunata. Wapo mafundi wanaofanya hivyo na kupokea pesa. Siwahesabu katika sifa hizi.

Kwa boljointi, maji hayasaidii. Hapo fundi huchukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma cha jointi, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na sauti hupanda moja kwa moja. Jointi kavu iliyopasuka koti lake hukoroma humo hata kama nje haisikiki kabisa.

Lakini nikiambiwa nichague tendo moja linalomtofautisha fundi wa kweli, nitachagua jinsi anavyokaza bolti za amu. Gari likiwa kwenye jeki, mguu unaning'inia chini kabisa. Ni rahisi kukaza bolti hapo hapo: mkono unafika, spana inazunguka. Ila bolti ikikazwa hubana bomba la ndani la bushi lisizunguke tena, na mpira huanzia hapo kuhesabu mapumziko yake. Gari likishushwa, amu inapanda hadi mahali pake pa kawaida, na mpira unabaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linausokota zaidi ya ulivyokusudiwa. Bushi orijino ya bei kubwa iliyofungwa hivyo itachanika mapema kuliko kopi iliyofungwa sawasawa. Kazi sahihi ni kuingiza bolti zote bila kuzikaza, kushusha gari likanyage kwa uzito wake, kulitikisa litulie, ndipo kukaza. Maana yake ni kujipenyeza chini ya gari lililokanyaga, mahali pasipo na nafasi, kwa dakika ambazo mteja hataziona wala kuzilipia. Kuna mafundi wanaofanya hivyo kila mara, hata jua likizama, hata mteja akipiga honi. Kisha wanapiga mstari wa rangi juu ya nati, ili wakilikagua gari siku nyingine wajue kama imelegea.

Arusha kazi hii ina sura nyingine. Land Cruiser za safari zimerefushwa, zimepandishwa, zimefungwa springi na shokapu nzito kuliko zilizotoka nazo kiwandani, kisha zinapelekwa kwenye changarawe ya Ngorongoro na Serengeti. Mbele, tangu 1999, zile nzito za mfululizo wa 70 zina springi zilizoviringwa. Nyuma zimebaki na mabamba yaliyolaliana. Mabamba hayo yanasuguana kwa asili yao, na vumbi laini la huko huingia kati yake likawa msasa. Gari likisimama karibu na simba na injini ikazimwa, watalii wakihama upande mmoja kupiga picha, bodi inalala na mabamba yanapiga kelele. Fundi wa huko huanza na pingu za springi, anazipiga grisi pale penye matundu yake, kisha anakagua vipande vya plastiki vinavyokaa kwenye ncha za mabamba, kama bado vipo. Vikiwa vimelika, hufungua springi nzima, husugua kila bamba na kulipanga upya. Ni kazi ya siku nzima kwa ajili ya kimya, na madereva wa safari wanaijua thamani yake kuliko mtu yeyote.

Wengine wetu bado hatujaijua. Tunalipa spea bila kunung'unika kwa sababu spea inashikika, ina boksi na risiti. Fundi anayekaa saa nzima akinyunyiza maji na kusikiliza, kisha akasema, “Mama, amu zako nzima, usinunue kitu, nakusafishia bushi na kuitia grisi,” tunampa pesa ya soda. Aliyebadilisha amu mbili, linki mbili na shokapu nne bila kujua mlio ulikuwa wapi anaondoka na malipo kamili. Kwa hesabu hiyo tunamfundisha kijana anayeshika tochi kwamba kusikiliza hakulipi. Mimi ningependa gereji ziandike ukutani bei ya kutafuta mlio, kando ya bei ya kubadilisha oili, na mteja ailipe hata kama hakuna kilichobadilishwa, na arudi baada ya kilomita mia chache bolti zikaguliwe tena, gari likiwa limekanyaga.