Kitabu cha Pirsig kinajua kutunza moto, lakini hakiulizi moto ni ya nani



Kuna kitabu kimoja chenye, ukitaja jina lake kwenye parkingi ya bamotari, watu wanaanza kucheka. Kwa Kifaransa kinaitwa Traité du zen et de l'entretien des motocyclettes. Nilikuwa ninakisoma kwenye simu nikingojea wateja, na mwenzangu mmoja akaniuliza: "Sasa iko naongelea zen ao iko naongelea moto?" Nikamujibu kwamba nimefika katikati na bado sijajua. Leo nimekimaliza mara mbili, na jibu ninalo. Kinaongelea namna mtu anavyoangalia kitu chenye kinabeba uhai wake. Kwa jambo hilo kimenifundisha kuliko vitabu vingi nilivyobeba chuo kikuu. Lakini kuna swali moja hakiulizi, na kwetu hapa Bukavu lile swali njo la kwanza.

Mwandishi ni Robert Pirsig, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2017. Kitabu kilitoka mwaka 1974, baada ya wachapishaji 121 kukikataa. (Wewe mwenye memwari yako ilirudishwa mara mbili, usikate tamaa.) Kinasimulia safari ya mwaka 1968: baba na mtoto wake Chris, wa miaka 11, wanatoka Minnesota juu ya moto moja, wanapita milima ya Montana, wanafika San Francisco. Siku za kwanza wako na marafiki wawili, John na Sylvia, juu ya moto ya BMW. Njiani baba anamwongelesha msomaji, tena anakumbuka maisha yake ya zamani, wakati alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, akafuata wazo moja mpaka akili ikamuponyoka, akalazwa hospitali, akapitishwa umeme kichwani. Mwenye anatafuta kitabu cha kumufundisha kufungua karburateri, hiki hakitamusaidia.

Hata hivyo, kurasa za moto njo bora za kitabu chote. Nitataja mahali patatu.

Pa kwanza, usukani wa BMW ya John unateleza, haukazi. Pirsig anamwambia: tukate kipande cha kopo ya bia, tukiingize pale usukani unaposhikwa, itakaza. John anaudhika. Moto mpya ya bei kali vile, itengenezwe na takataka ya kopo? Pirsig anawaza kwamba ingekuwa afadhali akate ile kopo kwa siri, kisha amudanganye eti kipande kimetoka Ujerumani. Hapo nilicheka peke yangu, juu fundi yeyote wa kwetu angeshakata ile kopo zamani bila kuomba ruhusa. Sisi ni watoto wa Artikle 15: jitafutie. Lakini soma pale vizuri. Pirsig hachukui kopo juu ni kitu cha bure. Anaichukua juu anajua ile bati ni laini, inakaa vizuri mahali pembamba, na haishiki kutu. Alielewa kwanza, njo akajitafutia. Sisi mara nyingi tunaruka hatua ya kwanza. Tunafunga kila kitu na waya na mpira, moto inatembea, tunasema Mungu ni mkubwa. Waya kwenye taa, sawa. Waya kwenye freni ni kaburi.

Pa pili, moto yake ilikamatana moteri, akaipeleka kwa mafundi vijana. Wanapiga radio, wanaongea, hawasikilize mashine. Wanafungua na nyundo mahali palipohitaji uvumilivu, wanavunja. Inarudi kwao mara tatu, haiponi. Mwishoni Pirsig mwenyewe anakuta sababu: kipini kidogo cha bei ya bure, kwenye njia ya mafuta ndani ya moteri, kilikuwa kimekatika, na mafuta hayakufika juu wakati moto inakimbia. Anachosema kuhusu wale vijana kinauma: walikuwa pale kama watazamaji, kazi haikuwa yao. Nilipomaliza ile sehemu niliwaza miaka yangu mitano ya chuo kikuu. Nilikopia nota, nikarudisha nota, nikapata pointi. Radio yangu pia ilikuwa inalia.

Pa tatu, safari ya zamani na Chris, mvua kubwa, moto inazimika. Pirsig anaamua kwamba ni maji ya mvua yameharibu kitu. Safari inakufa, wanarudi nyumbani. Baadaye, akiwa ameshaifungua moto, anakuta hakuna ugonjwa wowote: tanki haikuwa na esanse. Mvua ilikuwa mbele ya macho yake, basi akaishitaki mvua. Anajisema mwenyewe bila kujificha, na hapo njo nilianza kumuamini.

Nilimuamini juu mimi pia nina safari ya namna ile.

Koko wetu, mama ya mama, alifariki Uvira. Simu ilitufikia usiku: mazishi kesho, saa nane ya mchana. Mimi na mdogo wangu tukatoka Bukavu saa moja asubuhi. Njia mnaijua: Nyangezi, milima ya Ngomo, kisha Kamanyola, Luvungi, Sange, ule uwanda wote wa Ruzizi mpaka Uvira. Usiku ule nilikuwa nimetengeneza safari, ao nilifikiri nimeitengeneza. Nilijaza tanki. Niliosha moto mpaka ikangaa. Nilipima hewa kwenye magurudumu. Sheni, yaani mnyororo, niliipaka mafuta kidogo ili inyamaze, juu ilikuwa inalia tangu juma mbili.

Kabla hatujafika Nyangezi mdogo wangu akauliza: "Kaka, iyi sauti ni ya nini?"

Nikamujibu: "Ni vumbi ya sheni tu. Usiogope."

Akauliza tena baadaye. Nikamwambia anyamaze, niko naangalia barabara.

Kwenye kupanda kumoja kwa Ngomo, watu wawili na mfuko wa mchele wa matanga juu ya moto, sheni ilikatika. Bahati yetu haikujizungusha kwenye gurudumu la nyuma, ingetutupa. Tulisukuma moto mpaka tukapata fundi, mzee mmoja mwenye mfuko wa piesi na nyundo moja. Akashika sheni, akaikunja mkononi, akaangalia meno ya gurudumu la sheni. Meno yalikuwa yameinama yote upande mmoja, membamba.

"Ilianza kulia lini?"

"Leo tu, mzee."

"Leo apana. Iyi ni ya siku mingi."

Sikujibu. Mdogo wangu aliniangalia, kisha akaangalia chini. Mzee alituunganishia na kipande cha sheni nyingine, akatuomba tuende polepole. Tulifika Uvira jioni. Watu walikuwa wanakunja viti. Mama yetu mukubwa alitukumbatia, hakuuliza kitu. Kaburi tuliliona kesho yake asubuhi.

Sasa narudi kwa kitabu, na hapa njo ugomvi wangu na Pirsig unaanza. Kwake, mtu hatunze mashine juu ya roho yake: anaogopa teknolojia kama John, ao hayuko pale kama wale vijana wa radio. Dawa yake pia ni ya roho: tulia, jali, angalia, rudisha moyo ku kazi. Ni kweli. Lakini Pirsig anaandika kama mtu mwenye moto yake. Ana garaje, ana vyombo, ana siku ya kupoteza akiangalia skuru moja yenye inakataa kutoka, na anaandika kurasa nzima juu ya ile skuru. Moto yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee wa mtaa, na kila jioni nilimpelekea pesa yake, mvua ao jua. Siku ya kusimama garaje ni siku ya deni. Mafuta ya moteri nilibadilisha juu yeye aliulizia. Sheni hakuulizia. Yeye anasema piesi ndogo ni za motari, motari anasema piesi ni za mwenye moto, na katikati pale sheni inakwisha. Bamotari wengi wa mji huu wako hivyo. Ukimsomea mmoja wao maneno ya Pirsig kuhusu utulivu wa moyo, atakuuliza utulivu unauzwa bei gani.

Kwa hiyo nasema kitabu kina upungufu, na si mdogo. Kutunza kunahitaji roho, lakini kunahitaji pia makubaliano: nani ananunua nini, baada ya muda gani, na siku ya garaje ni hasara ya nani. Pirsig hakuhitaji kuandika hivyo. Sisi tunahitaji, tena kwa karatasi, kati ya mwenye moto na motari, kabla ya funguo kupita mkono.

Ningesimama hapo ningekuwa ninajitetea, na Pirsig hakujitetea kwa ile tanki yake. Katika zile juma mbili nilinunua mega za intaneti karibu kila siku. Kile kifungo kidogo chenye kinaunganisha sheni ni bei ya mega za siku moja ao mbili. Bosi hakunikataza kupima sheni. Ni mimi nilijua na nikapaka mafuta ili nisisikie.

Kitabu kina orodha ya vitu vya safari, na ninaipenda juu haina majivuno: buji za akiba, kebo, fuzi, balbu, kifungo cha sheni, waya, na hata sheni nzima ya zamani, iliyochakaa lakini inatosha kukufikisha kwa fundi. Ona huyu, kwenye barabara za lami za Marekani, anabeba sheni mbili! Mimi kwenda Ngomo nilibeba mchele. Kwa njia zetu ningeongeza mpira wa ndani, pompi na viraka. Nilichojifunza kuhusu sheni ni hiki: ishike katikati, upande wa chini, isukume juu na chini, kwa moto zetu ndogo icheze kama sentimita 2 mpaka 3. Ikilegea sana itaruka, ikikazwa sana itajikata na kuharibu ndani ya moteri. Kifungo chake, upande uliofungika uangalie kule sheni inakoenda. Na kama meno yameinama, usibadilishe sheni peke yake, juu meno mabovu yatakula ile mpya.

Kuna sehemu nyingine inayotuhusu sisi wenye diploma. Pirsig, akiwa mwalimu, alijaribu kufundisha bila kutoa pointi. Anamuwaza mwanafunzi mwenye alizoea kusoma kwa ajili ya pointi tu: zikikosekana anaacha shule, anakuwa fundi wa mashine, halafu siku moja anaona ufundi peke yake umefika mwisho, anarudi shuleni na njaa ya kweli. Kwetu njia inapita kinyume: unamaliza shule, njo unapanda moto. Wengi wetu tunaona ni haya. Ile asubuhi ya Ngomo iliniambia haya iko mahali pengine. Yule mzee wa nyundo moja aliuliza swali la daktari, "ilianza lini", na mimi msomi nilijibu uongo.

Nimalizie na Chris. Kuna kurasa nyingi sana kuhusu Plato na Aristotle, na nitasema wazi, zinachosha. Wakati baba anapigana na Wagiriki waliokufa, mtoto yuko nyuma yake, tumbo linauma, analia, na hatujui anawaza nini. Karibu na mwisho tu, Chris anasimama juu ya vikanyagio, na kwa mara ya kwanza anaona barabara juu ya mabega ya baba. Safari nzima alikuwa anaangalia mgongo. Chris aliuawa San Francisco mwaka 1979, na Pirsig aliandika juu yake katika maneno ya nyongeza ya toleo la 1984. Ukijua hilo, ile sehemu inasomeka tofauti kabisa.

Mwenye kukaa nyuma haoni barabara, lakini anasikia. Mdogo wangu alisikia sheni kabla ya Nyangezi, akauliza mara mbili.

Kitafuteni, kisomeni, mruke Wagiriki mkichoka. Na wewe mwenye moto yako inalia usiku wa leo wakati unasoma hii: unajua ilianza lini?